Nani Atausoma Mswada? Idara za Kiswahili na Mwandishi Chipukizi wa Mombasa

Utangulizi

Imekuwa ada, kila panapozungumziwa uhaba wa waandishi wapya wa hadithi za Kiswahili katika mwambao wa Kenya, lawama kuelekezwa kwa watu watatu: kijana mwenyewe, ambaye husemwa kuwa hasomi, mchapishaji, ambaye husemwa kuwa hajali ila fedha, na serikali, ambayo husemwa kuwa haithamini sanaa. Kila mojawapo ya lawama hizi ina chembe ya ukweli. Hata hivyo, yupo mshtakiwa wa nne ambaye ni nadra kufikishwa mbele ya baraza, kwa sababu aghalabu yeye ndiye aliyekalia kiti cha hakimu. Mshtakiwa huyo ni mhakiki wa chuo kikuu.

Makala haya yanadai kwamba zana ya kwanza ya mwandishi wa hadithi si kalamu, wala tarakilishi, wala kamusi, bali ni msomaji. Yaani mtu mwenye ujuzi anayeuchukua mswada ambao haujawa kitabu, akausoma tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akamweleza mwenyewe pale uliposimama na pale ulipolegea. Wasomaji wa aina hiyo wamejaa katika idara za Kiswahili za Afrika Mashariki, na wanalipwa mshahara kwa kusoma. Ila wao husoma yaliyokwisha kuchapishwa. Mswada ukiletwa mlangoni, jibu ni kwamba kazi ya idara ni uhakiki. Jibu hili ndilo linalopingwa hapa.

Kijana wa Kibarani na Zana Zake

Kibarani panafahamika na kila anayeingia au kutoka kisiwani Mombasa kwa njia ya Makupa. Kwa miaka mingi hapo ndipo palipokuwa jaa la mji. Taka za kisiwa zilimwagwa ukingoni mwa bahari, na wako watu waliopata riziki yao kwa kuzichagua, hadi jaa hilo lilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 2010 na mahali penyewe kupandwa miti na nyasi. Na ichukuliwe, kwa mfano tu, hali ya kijana aliyekulia kando ya jaa hilo, aliyeona lilivyokuwa na lilivyoondolewa, na anayetaka kuliandikia riwaya. Si mtu fulani; ni kielelezo cha wengi. Je, ana zana gani mkononi?

Jambo la kwanza la kukiri ni kwamba kwa upande wa vifaa, kijana huyu hana upungufu mkubwa. Daftari la shule si ghali. Simu ya mkononi, ambayo leo hata mchukuzi wa soko la Kongowea anayo, yaweza kubeba sura nzima ya riwaya. Kamusi zinapatikana, na maktaba ya umma ipo mjini. Wanaodai kwamba mwandishi chipukizi anakwamishwa na ukosefu wa vifaa wangefaa kuikumbuka historia ya Mombasa yenyewe. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa mji huo, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu *Kenya: Twendapi?* cha 1968. Akiwa gerezani alitunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yakawa diwani ya *Sauti ya Dhiki*, iliyochapishwa na Oxford University Press mwaka 1973 na kutunukiwa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Ikiwa karatasi ya chooni ilitosha kuibeba diwani hiyo, haiyumkiniki kwamba ukosefu wa meza na tarakilishi ndio unaoizuia riwaya ya Kibarani isiandikwe.

Upungufu wa kijana huyu uko kwingine. Zana kuu ya uandishi aliyopewa na shule ni insha ya mtihani. Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, vizazi vya wanafunzi vimefundishwa kwamba lugha nzuri ni lugha iliyosheheni methali, misemo na tashbihi za kukariri. Basi kijana anapoketi kuandika riwaya, huanza pale alipoachwa na mwalimu wake. Jua linachomoza, majogoo yanawika, msichana ni mrembo kama hurulaini, usiku ni mweusi ti kama lami, na kila mhusika akifungua kinywa hutoka methali. Jaa alilolijua kwa pua, kwa nyayo na kwa macho halionekani kabisa katika ukurasa. Limefunikwa na maneno ambayo yangeandikwa vivyo hivyo na mwanafunzi wa Nakuru ambaye hajapata kuiona bahari.

Kosa hili si la kipaji. Ni kosa la mafunzo, na dawa yake ni mafunzo. Linaweza kurekebishwa kwa mazungumzo ya saa mbili na msomaji ambaye atapitisha mstari juu ya majogoo na kuuliza: "Mchaguzi wa taka hujuaje, kabla ya kufungua mfuko, kwamba ndani mna kitu cha kuuza?" Kijana analijua jibu. Ila hajapata kuambiwa kwamba jibu hilo ndilo fasihi. Hakuna kamusi itakayomweleza hivyo, wala kitabu cha mbinu za uandishi kilichotungwa nchi nyingine.

Baraza la Malenga na Upweke wa Mwandishi wa Nathari

Inafaa kuuliza ni kwa nini Mombasa, iliyotoa washairi wengi kiasi hiki, haikutoa waandishi wa nathari kwa kiwango kinacholingana. Si kwamba nathari ni ngeni huko. *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, ambacho wahakiki wengi hukihesabu miongoni mwa vitangulizi vya riwaya ya Kiswahili, kilichapishwa London mwaka 1934, na mwandishi wake alitoka Freretown, ng'ambo tu ya kisiwa cha Mombasa. Wala si kwamba watu wa Mvita hawapendi hadithi. Paukwa-pakawa ni ya kila nyumba. Tofauti iko katika namna mtunzi anavyofunzwa.

Mshairi chipukizi wa Mji wa Kale alikuwa na chuo kisicho na kuta, nacho ni baraza. Alitunga beti, akazisoma mbele ya watu wazima, na papo hapo akaambiwa kwamba mizani imepungua, kwamba kina cha kati kimebadilika, kwamba neno hilo si la mahali hapo. Shairi lake likijibiwa na mwingine, ilimbidi arudi na jibu lililo bora. Malenga aliyekomaa hakuona kuwa ni kujishusha kumkosoa kijana. Aliona ni wajibu, kwani naye alikosolewa. Kwa hiyo shairi lilipofika kwa mpiga chapa lilikuwa limekwisha kupita katika masikio mengi.

Historia ya ushairi wa Mvita inadhihirisha pia kwamba kipaji bila msomaji hakifiki mbali. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Beti zake zilibaki katika vinywa na kumbukumbu za watu, na yamkini nyingi zingepotea lau Mwalimu Sikujua bin Abdallah, msomi wa Mombasa, hangezikusanya na kumsaidia mmisionari W. E. Taylor kuzihifadhi. Hata hivyo diwani yake haikutoka ila mwaka 1940, ilipohaririwa na William Hichens na kuchapishwa Johannesburg, miaka 100 baada ya mtunzi kuzikwa. Karibu na wakati huu kuna *Malenga wa Mvita* ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, iliyotoka 1971. Diwani hiyo ilihaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu aliyeufahamu mji, lahaja yake na washairi wake. Mwalimu huyo aliyasoma mashairi, akayapanga, akayafafanua na kuyasimamia mbele ya mchapishaji. Kazi kama hiyo ndiyo inayokosekana katika nathari.

Riwaya haiwezi kusomwa barazani kati ya magharibi na isha. Kurasa 200 zinahitaji msomaji mmoja mvumilivu, aliye peke yake, kwa siku kadhaa. Nani mjini ana siku hizo na ujuzi huo? Mwalimu wa sekondari ana madaftari ya wanafunzi wa mikondo kadhaa. Mhariri wa kampuni ya uchapishaji yuko Nairobi, na mezani pake pana vitabu vya kiada vinavyongojewa na shule. Anayebaki ni mhadhiri wa fasihi. Yeye ndiye mrithi halali wa malenga wa baraza, na urithi huo ameukataa.

Idara Zilizosoma na Idara Zilizokataa

Itadaiwa kwamba chuo kikuu hakikuundwa kwa kazi hiyo. Dai hili linakanushwa na historia ya vyuo vya Afrika Mashariki vyenyewe. Mnamo 1958 Idara ya Kiingereza ya Makerere ilianzisha jarida la *Penpoint*, ambalo lilichapa hadithi na mashairi ya wanafunzi. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa humo hadithi zake za awali akiwa mwanafunzi, kabla ya jina lake kujulikana popote. Mwaka 1965 mhadhiri David Cook alikusanya sehemu ya kazi za jarida hilo katika kitabu *Origin East Africa*. Wahadhiri wale hawakuwa wakiandikia fasihi ya lugha ya Kiafrika. Walikuwa wakikuza Kiingereza. Hata hivyo walifahamu jambo ambalo idara za Kiswahili hazijalitilia maanani: kwamba idara isiyolea waandishi itakosa cha kuhakiki, au itahakiki vile vile vitabu vya jana.

Kwa upande wa Kiswahili ushahidi haukosekani. Ebrahim Hussein na Euphrase Kezilahabi walipitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ambayo fasihi ya Kiswahili ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kufundishwa huko kwa Kiswahili. *Kinjeketile* ilitoka 1969 na *Rosa Mistika* ikatoka 1971, waandishi wote wawili wakiwa vijana ambao wino wa mihadhara yao haujakauka. Haidaiwi hapa kwamba chuo ndicho kilichowapa kipaji. Kinachodaiwa ni kwamba walikuwa mahali ambapo kazi ya kijana ilihesabiwa kuwa jambo la maana.

Sasa na ulinganishwe mwaka 1971 na hali ya leo. Tasnifu za uzamili zinazorudia maudhui na wahusika katika riwaya za Kezilahabi au za Said Ahmed Mohamed zinajaza rafu. Majarida ya idara huchapa uhakiki juu ya uhakiki, na ni nadra kuona ndani yake hadithi moja mpya ya mwandishi asiyejulikana. Fauka ya hayo, mhadhiri akipata nafasi ya kuandika nje ya jarida, aghalabu huandika mwongozo. Kila kitabu kinapoteuliwa kutahiniwa katika sekondari, miongozo yake huzuka kama uyoga baada ya mvua: muhtasari wa sura, sifa za wahusika, maswali na majibu. Mwandishi mmoja anatoa riwaya, na wahakiki wanaishi juu yake. Huu si uhakiki. Ni uchuuzi, na wenye kuufanya ndio hao hao wanaosema kwamba hawana wakati wa kusoma mswada wa kijana wa Kibarani.

Lugha ya Mswada

Suala la lugha linaonyesha wazi zaidi kwa nini msomaji mjuzi hana mbadala. Itakumbukwa kwamba mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa yenyewe uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kusimamia usanifishaji, ikiwa ni pamoja na vitabu vya shule. Kabla ya hapo Kimvita kilikuwa na heshima yake katika maandishi. Kamusi ya Krapf iliyochapishwa 1882 ilitokana kwa kiasi kikubwa na lahaja hiyo. Hapana haja ya kuufufua ugomvi wa 1928. Kiswahili Sanifu kimekwisha kuwa mali ya wote. Lakini matokeo yake kwa mwandishi wa hadithi ni tofauti na yalivyo kwa mshairi. Mshairi wa Mombasa aliruhusiwa kubaki na Kimvita chake. *Malenga wa Mvita* na *Sauti ya Dhiki* ni ushahidi. Mwandishi wa nathari hakuruhusiwa, kwa sababu nathari ilihesabiwa tangu mwanzo kuwa ni ya shule, na shule ni ya Sanifu.

Kwa mfano, katika mswada kuna bibi wa Kibokoni anayemwita mjukuu wake. Bibi huyo husema "ndoo", wala hasemi "njoo". Husema "ndia", wala hasemi "njia". Husema "mato", wala hasemi "macho". Mhariri wa haraka hubadilisha yote, na bibi akatoka akizungumza kama mtangazaji wa redio. Tarakilishi nayo hupiga mstari mwekundu chini ya maneno yake. Kwa upande mwingine, kijana akiacha kila neno kama lilivyo, msomaji wa Kisumu au Dodoma atadhani bibi anaagiza ndoo ya maji. Ni wapi neno libaki? Ni wapi sentensi ya pili isaidie kuifafanua ya kwanza bila ya kugeuka somo la lahaja? Je, msimulizi naye aseme Kimvita, au ni wahusika tu? Maswali haya ni ya kihakiki kabisa. Isimu-jamii inafundishwa katika kila idara, na lahaja zinatahiniwa kila mwaka. Ni ajabu kwamba elimu yote hiyo haijapata kutumika pale ambapo neno moja la bibi wa Kibokoni linangoja kuamuliwa.

Hatua za Mwanzo Kuelekea Uchapishaji

Baada ya mswada kukamilika, kijana huyu anaingia katika msitu ambao hana ramani yake. Mambo ya msingi ambayo mhadhiri aliyewahi kuchapisha huyaona ya kawaida, kwake ni siri.

Hajui kwamba mswada hupelekwa ukiwa umepigwa chapa upande mmoja wa karatasi, kwa mistari iliyoachana, wenye pambizo na nambari za kurasa, na kwamba mwandishi hapeleki nakala ya pekee aliyo nayo. Hajui kwamba barua ya kuusindikiza yatosha kuwa ukurasa mmoja, ikitaja jina la kazi, urefu wake, aina yake na wasomaji wanaokusudiwa. Hajui kwamba ni heri kuchunguza kwanza ni kampuni zipi zimewahi kutoa riwaya za watu wazima, kuliko kuipelekea riwaya kampuni inayochapa vitabu vya hisabati.

Hajui kutofautisha mchapishaji na mpiga chapa. Mchapishaji huingiza mtaji wake, huhariri, husambaza na humlipa mwandishi mrabaha. Mpiga chapa hulipwa na mwandishi na kumkabidhi maboksi ya vitabu. Kujichapishia si dhambi, na wapo waliofanikiwa kwa njia hiyo. Dhambi ni kumwacha kijana auze mbuzi wa mamake akidhani kwamba amekubaliwa na mchapishaji, ilhali amekuwa mteja wa mtambo. Nambari ya ISBN, ambayo Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, nayo humpumbaza, kwani huidhania kuwa ni hati ya ubora. Ni kitambulisho tu. Kitabu kibovu nacho hukipata.

Hajui, hatimaye, haki zake. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, hakimiliki ya kazi ya fasihi huwapo tangu kazi inapoandikwa, nayo hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Basi anayetia saini mkataba bila ya kuuliza ni haki zipi anazitoa, kwa muda gani, mrabaha unahesabiwa juu ya bei ipi, na haki zinamrudia lini kitabu kikiacha kuchapwa, anatoa pengine kitu ambacho wajukuu wake wangekirithi.

Mambo haya yote yanaweza kufundishwa kwa mihadhara miwili. Ni kozi ngapi za fasihi zinayafundisha? Mwanafunzi huhitimu akiwa na uwezo wa kueleza umuundo na udhanaishi, lakini akipewa mkataba wa kurasa nne hajui aanzie wapi kuusoma.

Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni la kipaji: kwamba mwandishi wa kweli huzaliwa, na kwamba atajitokeza hata asiposaidiwa. Hoja hii huwapendeza walioketi, kwa kuwa haiwadai kitu. Lakini Muhammed Said Abdulla hakuzuka ghafla. Alikuwa mwandishi wa habari na mhariri wa magazeti kwa miaka kabla ya *Mzimu wa Watu wa Kale* kushinda shindano la hadithi la 1957–58 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, na kitabu hicho kutoka 1960. Chumba cha gazeti kilikuwa shule yake, na shindano likawa mlango wake. Vyote viwili viliwekwa na watu.

Pingamizi la pili ni la soko: kwamba hata mswada ukinolewa vipi, wachapishaji wa Kenya hawatauchukua ila uwe na matumaini ya kuteuliwa shuleni. Ni kweli kwamba soko la shule ndilo linalowalisha. Ni kweli pia kwamba *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, ilipata umma wake mkubwa kupitia shule. Lakini hoja hii, ikikubaliwa, inazidi kuishtaki idara. Ikiwa soko haliwezi kumlea mwandishi ambaye kazi yake haifai mtihani, basi ni nani mwingine alelee isipokuwa taasisi isiyotegemea mauzo? Kazi ya chuo kikuu ni kufanya lile ambalo soko halilifanyi.

Pingamizi la tatu linasema kwamba tuzo zimekwisha kuliondoa tatizo. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na baadaye kujulikana kwa jina la Safal-Cornell, imefanya jambo la kupongezwa sana: inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa, na imewapa waandishi wapya fedha na mchapishaji. Mgala muue na haki umpe. Lakini tuzo huchagua mswada uliokomaa. Haiukomazi uliokuwa mbichi. Kijana aliyeshindwa hupata taarifa kwamba hakushinda, wala hapati taarifa ya kurasa ngapi alizipoteza kwa majogoo na machweo. Mwaka wa pili hupeleka makosa yale yale.

Pingamizi la nne ndilo lenye uzito, nalo ni la wakati. Madarasa yamejaa, na kupanda cheo kunategemea makala zilizochapishwa, si miswada iliyosomwa. Hili halina jibu la mhadhiri mmoja mmoja; lina jibu la idara na la seneti. Iwapo mwongozo wa mtihani umeweza kupatiwa wakati, kuna wakati uliotengwa mahali pabaya.

Yapasayo Kufanywa

Mapendekezo manne yanafuata kutokana na hoja hizi. Kwanza, kila idara iwe na jopo la kusoma miswada, liwe na wasomaji wawili kwa kila kazi, na mwandishi arudishiwe taarifa ya maandishi katika muda wa miezi mitatu, hata ikiwa taarifa yenyewe ni ya kukataa. Mwandishi chipukizi anaweza kustahimili kukataliwa. Kinachomvunja ni kimya.

Pili, kila toleo la jarida la idara lichape hadithi fupi moja ya mwandishi ambaye hajawahi kuchapishwa, na kando yake uhakiki mfupi. Uhakiki huo utamfikia mtu ambaye bado anaweza kuutumia, jambo ambalo Shaaban Robert, aliyefariki 1962, hawezi tena kulifanya.

Tatu, mwanafunzi wa uzamili wa fasihi ahariri mswada mmoja chini ya usimamizi, kama sehemu ya masomo yake. Atajifunza humo juu ya mtazamo, usimulizi na muwala kuliko katika sura tatu za mapitio ya maandishi, kwani atalazimika kuamua kilicho bora na kumweleza mwenye mswada sababu. Kwa pwani, kazi hii ifanywe pamoja na watu wa Mvita wanaoijua lahaja yao, ambao wengi wao hawana shahada.

Nne, kuhariri na kusoma miswada kuhesabiwe katika kupandishwa cheo. Bila ya hatua hii ya nne, tatu za mwanzo zitabaki maazimio ya warsha.

Hitimisho

Makala haya hayakusudii kusema kwamba kila mswada utakaoletwa una thamani. Mingi itakuwa mibovu, kama ilivyokuwa mibovu beti nyingi zilizosomwa na kusahauliwa barazani usiku ule ule. Malenga walizisikiliza hata hivyo, na kwa kuzisikiliza walizitambua zile chache ambazo mji ulizihifadhi. Mhadhiri asiyeusoma mswada mbovu hawezi kuupata ulio mzuri, kwa kuwa yote miwili huja ikiwa imefungwa kwa namna moja, na pengine imeandikwa na mkono mmoja katika miaka tofauti.

Watu waliochagua taka Kibarani walijua kwamba kitu cha thamani hakijitangazi. Ni lazima mtu ainame. Jaa lile limefungwa, na walioijua kazi yake wanazeeka. Miongoni mwao au miongoni mwa watoto wao yumkini yupo anayeandika sasa hivi, akiwa na majogoo katika ukurasa wa kwanza na, mahali fulani katika ukurasa wa 40, aya moja iliyo kweli tupu. Aya hiyo inahitaji mtu wa kuifikia. Idara za Kiswahili zinao watu hao, wanajulikana kwa majina na kwa vyeo. Wanachosubiriwa kukifanya ni kufungua bahasha.